Upawa wa Nyongeza

Chwe, chwe, chwe. Giza lilikuwa bado limeijaa nyumba, umeme umekatika kama kawaida yake, nami nikausikia mlio huo nyuma ya ukuta: Bi Chausiku, jirani yangu, anachekecha unga. Nililala nikimsikiliza. Mwanangu Tausi, aliyekuwa amenibana mbavuni, naye akausikia.

"Mama, ndiyo leo?"

"Ndiyo leo."

Akageuka, akavuta kanga yote upande wake, akalala tena kama mtu asiye na shaka na dunia.

Nchi ninayoisimulia ni yetu, ila jina lake sitaliandika, kwa kuwa maombi yangu ya kibali cha kulitaja bado yako mezani kwa mhusika, na mhusika yuko semina. Ni nchi nzuri. Ina milima, ina mito miwili, mmoja una maji, na ina Wizara ya Ridhaa, kitu ambacho nchi nyingine zinakitamani tu.

Wizara ya Ridhaa ndiyo pekee inayoruhusiwa kukubali jambo lolote kwa niaba ya serikali. Zamani kila ofisa alikuwa anakubali mwenyewe, ikaleta maafa. Katika kikao kimoja cha ununuzi, ofisa aliyekuwa ameshindilia wali mchana alisinzia, kichwa kikamwangukia kifuani, muuzaji akapiga makofi, na serikali ikajikuta imenunua mitambo ya kuzoa theluji. Hatuna theluji. Mitambo ipo hadi leo, imepangwa vizuri nyuma ya ofisi ya mkoa, na kila mwaka inapakwa rangi. Tangu hapo maofisa wote huvaa kola ngumu za plastiki shingoni saa za kazi, ili kichwa kisiende mbele wala pembeni. Neno "ndiyo" limefungiwa Wizarani. Ukimwuliza ofisa kama choo kiko upande ule, atakujibu, "Swali lako limesikika." Wananchi tumezoea, na tunashukuru.

Sasa mwaka huo mvua zilikuwa zimetupita. Akina mama wa kata yetu tulikuwa tukiondoka alfajiri kwenda kuponda kokoto machimboni, na watoto wakienda shule ya awali na matumbo matupu. Mwalimu wao alituambia wanasinzia kabla hata ya kuimba. Wengine waliacha kuja kabisa. Nguvu ya kupanda kilima cha kwenda shuleni hawakuwa nayo. Serikali, ambayo inapenda watoto kupita kiasi na imewajengea sanamu, ikatangaza zabuni: atafutwe mtu wa kuwapikia uji wa asubuhi.

Sisi wa Kikundi cha Tujaribu tukaomba. Niliyeandika ni mimi, kwa sababu nilikuwa nasoma darasa la jioni la sheria za biashara pale ofisi ya kata, Tausi akilala juu ya dawati, mkono wake kwenye mfuko wangu. Tulifundishwa kwamba mkataba unakaa juu ya mafiga matatu: mmoja apendekeze, mwenzake akubali vilevile bila kupunguza wala kuongeza, na kila mmoja atoe kitu. Nilikariri nikiwa naponda kokoto. Nyundo ikishuka, figa moja. Nyundo ikishuka, figa la pili.

Bi Chausiku, mwenyekiti wetu, ambaye ameuza sokoni tangu mimi sijazaliwa, alinisikiliza akacheka.

"Mama Tausi, yaani mnakwenda usiku kusomeshwa kuuza na kununua? Na mnalipa ada?"

"Ni sheria, Bi Chausiku."

"Haya. Siku ukihitimu uje unifundishe na kupika."

*

Sanduku la zabuni tulilikuta limezibwa tundu lake kwa bati, ili rushwa isipite. Karani alituelekeza tuweke bahasha juu ya sanduku, tufumbe macho, na bahasha itahesabika kuwa imo ndani. Tukafumba. Tulipofumbua, juu ya bahasha yetu kulikuwa na bahasha nyingine, nene, inanukia manukato: ya Kampuni ya Lishe Adhimu. Mwenye kampuni hiyo hakuna aliyewahi kumwona. Anayeonekana ni wakili wake, Wakili Msomi Kalumbete, mtu mrefu mwenye viatu visivyoshika vumbi.

Ikaja siku ya sampuli. Sisi tulipeleka uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Kampuni ilipeleka picha. Picha kubwa, ya rangi, ndani ya fremu ya dhahabu: bakuli la uji, na mvuke unapanda. Kamati nzima ilisimama mbele yake na kola zao, wametulia kama watu walio msikitini. Mjumbe mmoja alisema hajapata kuona uji msafi kama ule. Mwingine alisema hauna hata bonge moja. Ilikuwa nusura tushindwe, ila kanuni za zamani, zilizoandikwa na watu wasiojua maendeleo, zilisema sampuli lazima inyweke. Walijaribu. Haikunyweka.

Basi tukapata. Barua ya Ridhaa ilikuja imebebwa na watu wawili kwa uzito wa mihuri. Ilisema: Serikali imekubali Kikundi cha Tujaribu kimpe kila mtoto upawa mmoja wa uji kila asubuhi ya shule. Niliisoma kwa sauti mbele ya akina mama machimboni, na wanawake wazima, wenye malengelenge viganjani, wakakaa chini kwenye kokoto wakalia. Hakukuwa na mvua wala mavuno, lakini upawa mmoja ulikuwa na uhakika. Mtoto akipata upawa mmoja asubuhi, anapanda kilima, anaimba, anarudi nyumbani.

Ndiyo maana asubuhi ile Bi Chausiku alikuwa anachekecha gizani, na ndiyo maana Tausi aliuliza kama ni leo.

*

Uji uliiva vizuri. Watoto walijipanga mstari uani mwa shule, kila mmoja na kikombe chake cha bati. Bwana Mdoe, Afisa Ridhaa wa wilaya, alisimama kando ya sufuria na kola yake, kushuhudia utekelezaji. Bi Chausiku akachota upawa wa kwanza, akaumimina kwa mtoto wa kwanza. Ukajaa sawasawa. Kisha, bila hata kutazama, akarudisha upawa sufuriani, akachota kidogo tena, akamwongezea.

Nyongeza.

Nisitumie maneno mengi kueleza, maana kila mtu wa kwetu anajua. Ukinunua fungu la nyanya, muuzaji huongeza moja ndogo. Ukipimiwa mafuta, tone la mwisho linadondoshwa baada ya kipimo kujaa. Muuzaji asiyeongeza ni kama amekutukana. Utachukua mzigo wako, lakini hutarudi kwake, na dada zako hawatakwenda. Bi Chausiku hakuamua kuongeza. Mkono wake ndivyo ulivyo.

Akamwongezea wa pili, akamwongezea wa tatu. Watoto walikuwa wameambiwa wasubiri waombe dua pamoja, kwa hiyo walisimama na vikombe vinavyofuka mvuke, midomo karibu na moto. Tausi alikuwa miongoni mwao. Nilimwona akipuliza.

"Simamisha!"

Wakili Kalumbete alitokea nyuma ya tangi la maji. Nyuma yake alikuwa Koplo Ngwali na karani wa Baraza la Rufaa za Zabuni, na karani tayari alikuwa na amri mkononi, imekauka wino.

"Kimetolewa nini hapa?" wakili aliuliza, akinyooshea kidole kikombe cha mtoto. "Upawa mmoja?"

"Upawa mmoja," alisema Bi Chausiku. "Na nyongeza."

Wakili alifumba macho kama mtu aliyesikia muziki. "Rudia, mama yangu. Karani aandike."

"Na nyongeza. Kwani wewe kwenu hamuongezi?"

"Serikali ilikubali upawa mmoja," wakili akatangaza, akiuelekea ua mzima, kuku wakiwemo. "Kinachotolewa ni upawa mmoja na kitu. Kitu hicho nani alikipendekeza? Nani alikikubali? Hili si lile lililokubaliwa. Hili ni pendekezo jipya, halina mkubali, na lisilo na mkubali si mkataba! Mbaya zaidi, kumpa mtu zaidi ya haki yake ili afurahi, hiyo katika sheria zetu inaitwa nini? Sitaki kutaja neno mbele ya watoto."

Vilevile, bila kupunguza wala kuongeza. Nilikuwa nimelikariri neno hilo mamia ya mara nikiponda mawe, na halikunijia hata mara moja kumwambia mwanamke wa sokoni azuie mkono wake.

Karani akasoma amri. Shauri limefunguliwa. Mpaka litakapoamuliwa, hali ibaki kama ilivyo.

"Ndiyo kusema watoto wanywe kwanza?" nilimwuliza Bwana Mdoe. Yeye alikuwa ndiye ridhaa yenyewe. Angesema neno moja, ingekwisha.

Macho yake yalihama kwenda kwa watoto, yakarudi. Kichwa hakikuhama. "Swali lako limesikika," alisema.

Hali ilivyokuwa, mheshimiwa msomaji, ilikuwa hivi: uji unachemka, mstari umepangwa, vikombe vya mbele vimejaa, na hakuna aliyekunywa. Basi ikaamriwa ibaki hivyo. Koplo Ngwali alipita mstarini akichukua vikombe vilivyojaa, kimoja kimoja, kwa mikono miwili ili asimwage kielelezo. Alipofika kwa Tausi, Tausi alikuwa amekishika kwa nguvu.

"Niachie, binti," Koplo alisema kwa upole. Ni mtu mwenye watoto.

"Kina moto," Tausi akamwambia. "Utaungua."

Akamwachia.

*

Amri ilitekelezwa kwa uaminifu unaopaswa kusifiwa. Kwa kuwa uji ulikuwa unachemka wakati wa amri, ilibidi uendelee kuchemka. Sufuria ikafungwa kwa utepe na lakiri, na Koplo Ngwali akawekwa kuchochea moto. Kuni zililetwa kwa gari la serikali. Harufu ya uji ilitanda kata nzima asubuhi ile, na jioni ikawa harufu ya uji ulioungua, na kesho yake ikawa harufu nyingine. Taarifa ya kila siku iliyobandikwa getini ilisema: "Kielelezo kinaendelea kuchemka kwa mafanikio." Hata sufuria ilipotoboka kitako, taarifa ilisema kielelezo kimejiongeza upande wa chini.

Watoto nao walipaswa kubaki kama walivyokuwa. Kila asubuhi waliletwa, wakapangwa katika mstari uleule kwa utaratibu uleule, vikombe vitupu mikononi, na karani akawahakiki. Kwa kuwa walikuwa na njaa siku ya amri, kuwalisha shuleni kungeingilia shauri lililo mbele ya Baraza. Tulijaribu kuwapa chochote. Mama mmoja alimfichia mwanawe karanga ndani ya soksi. Koplo akazisikia zikichakarika mstarini. Alimtazama mtoto, akatazama huku na huku, akaanza kukohoa kwa sauti mpaka mtoto akamaliza kutafuna. Kesho yake karani alimwandikia barua ya onyo kwa kukohoa bila sababu.

Jioni nilikwenda darasani. Nilimweleza mwalimu wetu mambo yote. Alifurahi sana, alisema ni mfano mzuri mno, na angeutumia kwenye mtihani.

Siku zilikwenda. Mstari ulianza kuwa na mapengo. Mtoto asipokuja, karani aliweka jiwe mahali pake, ili hali ibaki kama ilivyo. Nilikuwa nikirudi kutoka machimboni napitia pale, nikiangalia kwanza mahali pa Tausi. Naogopa kuandika nilivyokuwa natembea, nikikaribia ile kona, kabla sijaona kama ni gauni au ni jiwe.

Siku moja alisinzia amesimama. Nikamkuta Koplo amemshikilia bega ili asianguke, naye ananitazama kama mimi ndiye ninayeweza kufanya kitu.

"Mama Tausi," akaninong'oneza, "wewe si umesoma? Hakuna namna?"

"Ipo, Koplo," nikamwambia. "Ipo. Kesho tunasikilizwa."

Nilikuwa naamini. Mimi ni mtu wa kuamini. Sijui kuishi vinginevyo.

*

Ukumbi wa Baraza la Rufaa za Zabuni una zulia jekundu na feni zinazozunguka kinyume, kwa heshima. Mwenyekiti wake, Mheshimiwa Ndimbo, ni mtu mnene mwenye sauti laini, na kola yake ni ya pembe za ndovu. Kwa sababu mstari ni sehemu ya hali, watoto waliletwa wote, wakapangwa ukutani na vikombe vyao. Mawe nayo yaliletwa, yakapangwa. Sisi akina mama tuliketi nyuma, tukakatazwa kuita majina.

Wakili Kalumbete alianza kwa kumhoji Bi Chausiku.

"Bibi, nani alikutuma uongeze?"

"Mwanangu, wewe nyanya unanunua wapi?"

"Sinunui nyanya. Nina watu."

"Hao watu wako wanakuja kwangu. Nawaongezea. Umekula nyongeza yangu miaka yote hiyo, mkataba wako umeharibika wapi?"

Akina mama tukacheka. Mheshimiwa Ndimbo akagonga meza, ingawa nilimwona akijipapasa mdomo kuficha kicheko.

"Ulikuwa na nia gani ulipoongeza?" wakili akaendelea. "Kuifurahisha serikali?"

"Serikali ilikuwa kwenye mstari?"

"Jibu swali."

"Mtoto akikutazama hivi, na upawa uko mkononi mwako, unaulizwa nia?"

"Mheshimiwa Mwenyekiti, shahidi anauliza maswali!"

"Na wewe ungekuwa unajibu, baba, tungekuwa tumeshamaliza."

Akaitwa Bwana Mdoe, Afisa Ridhaa. Hapa ndipo nilipoweka tumaini langu, maana kama Wizara ingesema ilikubali nyongeza, figa lingesimama. Mwenyekiti akamwuliza, "Je, Wizara iliikubali nyongeza, au haikuikubali?" Bwana Mdoe akafumbua mdomo. Akaufumba. Jasho lilimtoka chini ya kola likamwingia kwenye tai. Akawatazama watoto, akayatazama mawe, akavuta pumzi, na kwa sekunde moja nadhani alikuwa anakwenda kulisema neno lile lililofungiwa.

"Swali," alisema, "limesikika."

Akarudi kuketi, akaangalia viatu vyake.

Mwenyekiti akasema Baraza haliwezi kuamua kuhusu kitu lisichokijua. Lazima lipime lenyewe: upawa mmoja ni kiasi gani, na nyongeza ni kiasi gani. Lakini kielelezo, kama inavyofahamika, kilikuwa kimekwisha kupitia chini. Kwa hiyo akina mama wa Tujaribu wapike kielelezo kinachofanana, hapohapo kwenye kibaraza cha ukumbi, chini ya ulinzi.

Tulipika. Hatujawahi kupika uji kama ule. Unga ulikuwa wa mwisho tuliokuwa nao, Bi Chausiku aliuchekecha mara mbili, na nilipokuwa nakoroga huku nikichungulia ukumbini alininyang'anya mwiko. Harufu ikaingia ukumbini kabla yetu. Ukutani hakuna mtoto aliyesogea. Walikuwa wamefunzwa. Vikombe tu ndivyo vilivyoinuka, kidogo kidogo, vyenyewe.

Bi Chausiku akammiminia Mheshimiwa Ndimbo upawa mmoja, ukapimwa na mtu wa vipimo, ukathibitika kuwa ni mmoja. Mwenyekiti akanywa, ili kujiridhisha. Akajiridhisha mpaka mwisho. Akabaki ametazama ndani ya kikombe. Kisha mkono wake, nadhani bila yeye kujua, ukakinyoosha kikombe mbele.

Bi Chausiku akamwongezea.

Akanywa.

Ukumbi mzima uliona. Moyo wangu uliruka kama samaki. Tulifundishwa hili, lilikuwa kwenye ukurasa wenye doa la chai: mtu anaweza kukubali bila kusema neno, kwa tendo lake. Nikamshika Bi Chausiku mkono. "Amekubali," nikamnong'oneza. "Kanywa nyongeza. Huko ndiko kukubali!"

Bi Chausiku hanong'oni. "Mheshimiwa!" akapaza. "Umeinywa! Mama Tausi anasema ukiinywa umeikubali!"

Vurugu. Akina mama tukasimama, vigelegele vikapigwa, karani anaita "Kimya! Kimya!", Mwenyekiti amekishika kikombe kama kimemng'ata. Nikageuka kumtafuta Tausi ukutani. Nikamwona ananitazama. Nikamwitikia kwa kichwa, kwa kuwa mimi sina kola: ndiyo, mwanangu, ndiyo leo.

Ndipo nikaona kwamba Wakili Kalumbete anatabasamu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, akisubiri kelele zishuke. "Nawashukuru akina mama hawa. Nakubaliana nao kabisa. Mkataba upo! Upawa mmoja na nyongeza, umependekezwa, umenyweka, umekubalika. Naomba niulize kitu kimoja tu kidogo. Umenywewa na nani?"

Akageuka kuielekea meza ya Baraza.

"Na Baraza hili tukufu. Mkataba una wenyewe, Mheshimiwa. Aliyekunywa ndiye aliyekubali, na aliyekubali ndiye mwenye mkataba. Je, watoto hawa wamekunywa? Kwa masikitiko yangu makubwa, nimepekua jalada lote, hakuna mahali walipokunywa."

"Uliwanyang'anya wewe!" Bi Chausiku alipiga kelele.

"Kwa hiyo hawakunywa," wakili alisema kwa upole. "Tunakubaliana tena. Watoto ni wageni wa mkataba huu. Na mgeni wa mkataba hana cha kudai."

Mwenyekiti alikuwa na fursa. Nataka nimtendee haki. Aliwatazama wale watoto ukutani kuanzia mwanzo wa mstari mpaka mwisho, na uso wake ulikuwa uso wa mtu kabisa. Kisha mjumbe wa kulia akanyoosha kikombe chake kwa Bi Chausiku, akisema naye anahitaji kujiridhisha. Wa kushoto akanyoosha chake. Walinzi wakamsogeza Bi Chausiku pembeni, wakachota wenyewe. Mwenyekiti akashusha pumzi, akanyoosha tena.

Hukumu ilisomwa huku wanakunywa. Kikundi cha Tujaribu kimeshinda, na Baraza linakipongeza. Kuna mkataba halali kati ya kikundi na Baraza, na kila asubuhi kikundi kitaleta hapa uji, upawa mmoja kwa kila mjumbe, pamoja na nyongeza. Zabuni ya shule ya awali, kwa kuwa sasa haina mtu, inakwenda kwa aliyefuata: Kampuni ya Lishe Adhimu, ambayo itatundika picha yake darasani, mahali ambapo kila mtoto ataiona bila kubaguliwa.

Nilitafuta figa moja la kushika. Nilirudia kichwani kila ukurasa wa darasa la jioni. Nikasimama. "Mheshimiwa, naomba..." nikasema, na karani akaniambia maombi hupokelewa kwa bahasha, juu ya sanduku.

Upawa ulikwangua sufuria. Kwaru. Kwaru. Ukutani watoto waliusikia, na nikaona vikombe vinashuka kimoja baada ya kingine.

Kanuni inataka Mwenyekiti, kabla ya kufunga shauri, aulize kama yuko mtu ambaye bado hajaridhika; akijibiwa shauri halifungwi, asipojibiwa agonge meza, na ikishagongwa hakuna rufaa tena. Swali hilo huulizwa kwa haraka sana. Mheshimiwa Ndimbo alijifuta mdomo kwa leso. Alinyanyua nyundo.

"Basi, sote tumeridhika," alisema kwa sauti yake laini, "na kusema kweli, tumeshiba. Yuko ambaye bado?"

Bwana Mdoe alikuwa ameinama mpaka kola imemkaba. Koplo Ngwali alikuwa anatazama dari, machozi yanamshuka. Bi Chausiku alikuwa ameshika upawa mtupu. Mimi nilikuwa bado nimesimama. Nyundo ilikuwa juu.

Tausi akatoka mstarini hatua moja, kikombe mkononi.

"Sisi bado," akasema.